Kikapu cha Dawa cha Mzee: Vidonge Vingi, Hatari Zake na Namna ya Kuvipanga

Maneno haya husikika barazani kila anapotajwa mtu aliyeanza kusafishwa figo: “Ni zile dawa za presha. Alikuwa akimeza nyingi mno.” Mwengine hujibu kwamba babu yake alimeza vidonge kumi kwa siku na akafika miaka tisini. Wote wawili wanahesabu vidonge, na hesabu peke yake haiamui. Mzee anaweza kutumia dawa saba zinazopatana akaishi vizuri, na mwenzake akadhuriwa na tatu. Linaloamua ni kama yupo mtu mmoja aliyewahi kuzitazama dawa zote kwa pamoja, zikiwa zimemwagwa mbele yake.

Tuanze na maneno. Wataalamu wanapozungumzia matumizi ya dawa nyingi, kipimo kinachotumika sana ni dawa tano au zaidi kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani, WHO, huhesabu zote: zilizoandikwa na daktari, zilizonunuliwa dukani bila karatasi, na za kienyeji. Kwa hivyo mafuta ya habasoda yamo, Piriton ya mafua imo, na vidonge vya magoti alivyoletewa na jirani vimo. Neno la pili ni kugongana kwa dawa, yaani dawa moja kuongeza au kupunguza nguvu za nyengine. Dawa mbili zina njia moja tu ya kukutana. Tano zina jozi 10. Nane zina jozi 28.

Mwaka 2017 WHO ilipoanzisha kampeni yake ya kupunguza madhara ya dawa, iliweka mambo matatu mbele: hali zenye hatari kubwa, dawa nyingi kwa mtu mmoja, na wakati mgonjwa anapohama mkono wa mtabibu mmoja kwenda kwa mwengine. Mzee wa Lamu aliyelazwa Mombasa, akarudi na dawa mpya juu ya zile alizopewa hospitali ya King Fahd ya Lamu, yumo katika yote matatu. Na kama anaishi Faza au Kizingitini, ambako safari ya boti husubiri maji yajae, ndiyo kabisa: hununua akiba ya miezi, na dawa iliyobadilishwa hubaki kabatini pamoja na ile iliyoichukua nafasi yake.

Mwili wa mzee na kidonge kilekile

Kidonge cha mtu wa miaka 40 hakifanyi kazi sawa kwa mtu wa miaka 75. Figo ndizo zinazotoa dawa nyingi mwilini, na nguvu zake za kuchuja hushuka taratibu tangu umri wa makamo, hata kwa asiye na ugonjwa. Maji ya mwili hupungua na mafuta huongezeka, kwa hivyo dawa inayojificha kwenye mafuta, kama diazepamu (Valium), hukaa siku nyingi. Anayeimeza kila usiku huilimbikiza, na ulevi wa kidonge cha jana huwa haujaisha anapomeza cha leo. Mishipa ya damu nayo huchelewa kubana anaposimama ghafla, na ndipo kizunguzungu kinapomkamata.

Kuna mtego katika kipimo cha figo. Hospitali hupima kreatinini, uchafu utokao kwenye misuli. Bibi aliyekonda, mwenye misuli kidogo, hutoa kreatinini kidogo, na namba yake inaweza kuonekana nzuri hali figo zimechoka. Waombe wapige hesabu ya kiwango cha uchujaji, inayotumia kreatinini, umri na jinsia. Kiwango hicho kikishuka chini ya 45, metformini ya sukari hufikiriwa upya na mara nyingi hupunguzwa. Chini ya 30 huachwa. Mzee anayetumia dawa nyingi apimwe figo angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kila dawa ya presha inapobadilishwa.

Jinsi dawa inavyozaa dawa

Hapa ndipo penye kisa chenyewe. Tuchukue kikapu cha mfano, cha bibi wa miaka 74 wa Shela, kisiwani Lamu. Alianza na dawa moja ya presha, amlodipini ya miligramu 10. Inashusha presha vizuri, ila ina tabia ya kutanua mishipa midogo ya miguuni, na vifundo vikavimba. Bibi akaenda kulalamikia miguu. Aliyemwona hakuuliza juu ya amlodipini, akampa Lasix ya kukojoza. Lasix haiumalizi uvimbe wa aina hii, kwa sababu shida yake si wingi wa maji mwilini. Ilichofanya ni kumwamsha usiku mara tatu kwenda chooni na kumpunguzia chumvi za damu, sodiamu na potasiamu, misuli ya miguu ikaanza kumbana. Kwa maumivu hayo na ya magoti, dukani akapewa diklofenaki (Voltaren). Diklofenaki huzuia maji na chumvi mwilini na kupandisha presha. Kliniki ikaona presha imepanda, ikaongeza losartani. Tumboni akahisi moto, akaongezewa omeprazoli.

Dawa tano, na nne kati yake zimekuja, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kutibu madhara ya nyengine. Hakuna mtabibu katika mlolongo huu aliyefanya jambo la ajabu. Ni kama chungu cha pilau ya harusi kilichopitiwa na wapishi watano, kila mmoja akatia chumvi ya kiasi kinachostahili. Hakuna aliyekosea kipimo, na chungu hakiliki.

Sasa turudi kwenye figo, maana ndani ya kikapu hicho mna jibu la maneno ya barazani. Kila chujio la figo lina mshipa wa kuingiza damu na mshipa wa kuitoa. Diklofenaki hubana ule wa kuingiza. Losartani hulegeza ule wa kutoa. Lasix hupunguza maji yaliyomo mishipani. Kila moja peke yake, figo huweza kuihimili. Zikikutana tatu, msukumo ndani ya chujio huanguka, na siku bibi atakayoharisha, au atakayopata homa jua kali la kaskazi bila kunywa maji ya kutosha, figo zinaweza kugoma kwa siku chache tu.

Kwa hivyo dawa za presha zinaua figo? Losartani na enalaprili, zikitumiwa kwa kupimwa, huzilinda figo, hasa za mwenye kisukari. Presha isiyotibiwa ndiyo inayozila polepole. Mhusika ambaye watu hawamtaji ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni (Brufen), meloksikamu, piroksikamu na jamii yao. Tena sindano ya diklofenaki haina nafuu. Wengi huamini kwamba sindano hailigusi tumbo. Dawa ikishaingia kwenye damu hufika tumboni na kwenye figo vilevile, na hudhoofisha ule utando unaolikinga tumbo na tindikali yake. Kwa magoti ya mzee, anza na mafuta ya kupaka ya diklofenaki, ambayo huingia kwenye damu kidogo sana, au paracetamoli. Kikomo cha paracetamoli kwa mtu mzima ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Aliyekonda chini ya kilo 50 au mwenye ini bovu hupewa pungufu, na mfamasia ndiye wa kumkadiria.

Ipo mizunguko mingine ya aina hiyo. Enalaprili huleta kikohozi kikavu, mgonjwa akapewa dawa za kifua mfululizo. HCTZ (haidroklorothiazidi), dawa ya presha ya kukojoza, huweza kuamsha gauti, yaani maumivu makali ya viungo, akapewa diklofenaki, na mnajua inakoelekea. Plasil ya kutapika, ikitumiwa kwa muda, huweza kuleta mtetemeko wa mikono unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Kila mzee anapopata dalili mpya, swali la kwanza liwe: ni dawa gani iliyoanzwa au kuongezwa wiki za karibuni? Kusema “ni uzee tu” kabla ya kuuliza hilo ni kumdhulumu.

Dawa za kutazamwa kwanza

Marekani wana orodha iliyoanzishwa mwaka 1991 na daktari Mark Beers, ya dawa ambazo wazee waepushwe nazo inapowezekana. Toleo la 2023 bado lina nyingi zinazopatikana kwenye maduka yetu.

Glibenklamidi (Daonil) ya kisukari ni mojawapo. Hufanya kazi kwa saa nyingi, na kwa mwenye figo dhaifu huendelea kushusha sukari hata asipokula. Mzee aliyeshuka sukari usiku hawezi kujieleza. Huonekana amechanganyikiwa, au ulimi umekuwa mzito, na watu wakadhani ni kiharusi. Akiwa pia anatumia atenololi ya presha, moyo haumwendi mbio kumtahadharisha, ila jasho hubaki. Mzee mwenye kisukari akitokwa na jasho jingi la baridi, mpime sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), na anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, kisha mpe chakula. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali.

Piriton, na amitriptilini ya huzuni na maumivu ya neva, hukausha: kinywa, choo, mkojo, mpaka fikra. Mzee mwenye tezi dume akimeza Piriton ya mafua anaweza kufungwa mkojo usiku huohuo. Valium tumeshaitaja.

Warfarini na aspirini huzuia damu kuganda, na zote zikikutana na diklofenaki tumbo linaweza kutoka damu bila maumivu yoyote. Ishara yake ni choo cheusi kama lami.

Halafu antibayotiki za dukani. Septrin juu ya losartani au enalaprili hupandisha potasiamu, na potasiamu ikipanda sana moyo husimama. Siprofloksasini juu ya glibenklamidi huweza kushusha sukari vibaya. Flagyl huongeza nguvu za warfarini. Muuza dawa hawezi kuyajua haya usipomwambia mzee anatumia nini.

Hata matone ya macho yamo. Timololi, inayotiwa jichoni kwa presha ya jicho, hupita kwenye pua ikaingia damuni. Hupunguza mapigo ya moyo, na kwa mwenye pumu hubana kifua. Baada ya kuyatia, abonyeze kidogo kona ya jicho upande wa pua kwa dakika mbili.

Kumwaga kikapu

Kazi hii hufanywa nyumbani kwanza, mchana penye mwanga, na mzee mwenyewe akiwepo. Mwanzo mzuri ni heshima: “Bibi, nakuomba tuzitazame dawa zako pamoja, nikuandikie.” Ukimwendea kama mtu wa kumkagua, nusu ya vitu vitabaki chini ya mto.

Tandika kitambaa cheupe. Mwaga kila kitu: vidonge, bahasha, insulini, matone, mafuta ya kupaka, sharubati ya kikohozi, chupa ya mitishamba, vya kwenye mkoba wa safari na vya kwenye droo. Tenga vilivyopita muda. Kisha chukua karatasi moja, na kwa kila dawa andika jina, nguvu yake kwa miligramu, anameza ngapi na wakati gani hasa (si ilivyoandikwa, bali afanyavyo), ni ya ugonjwa gani, nani aliiandika, na ilianza lini.

Jina la kuandika si lile kubwa la kampuni. Tafuta maandishi madogo chini yake. Hapo ndipo utakapogundua kwamba Lasix na furosemidi aliyopewa kwenye bahasha ni dawa moja, na anameza mara mbili. Angalia pia vidonge vyenye dawa mbili ndani yake: Losartan H ina losartani na HCTZ, na mwenye kuimeza pamoja na HCTZ ya pembeni amezidisha bila kujua. Bahasha isiyo na jina la dawa irudishwe ilikotoka iandikwe. Na maandishi ya “1x3” yaulizwe: ni kimoja mara tatu, au vitatu mara moja? Kwa saa, ni salama zaidi kufunga dawa na swala. “Baada ya Alfajiri” na “baada ya Isha” hazimchanganyi mtu, lakini “8” ya karatasini huweza kusomwa saa nane.

Mkiwa bado hapo, hesabu vidonge vilivyobaki. Kama alipewa 30 siku ishirini zilizopita na vimebaki 22, hana haja ya dawa ya tatu ya presha. Zile mbili hazimezwi. Muulize kwa nini, kwa upole. Huenda bei, huenda zinamlevya, huenda hawezi kufungua kifuniko. Na muulize kitoweo. Mwenye kula ng'onda na papa mkavu kila siku amepita mbali kiwango cha WHO cha chumvi, chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Presha ya namna hiyo haishuki kwa kidonge tu.

Kisha karatasi na kikapu chenyewe viende kwa daktari au mfamasia mmoja. Maswali ni manne: kila dawa ni ya nini, na ugonjwa huo bado upo? Iko inayotibu madhara ya nyengine? Kipimo kinalingana na figo zake? Ipi tuanze kuipunguza?

Hilo la mwisho lisifanywe nyumbani. Atenololi ikikatwa ghafla moyo hukimbia na huweza kuleta shambulio. Diazepamu ya muda mrefu ikikatwa huleta mitukutiko, hata degedege. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, iliyotumiwa wiki kadhaa huacha mwili hauna nguvu ya kujitengenezea homoni yake, na mtu akazimia. Hupunguzwa moja kwa wakati, taratibu, ili ikitokea shida ijulikane imetoka wapi. Kwa bibi wetu wa Shela, daktari pengine angeanza kwa kuiondoa diklofenaki na kuipunguza amlodipini iwe miligramu 5, kisha aone kama Lasix ina kazi tena.

Baada ya kila badiliko la dawa za presha, mpimeni akiwa amekaa dakika tano, kisha akiwa amesimama, baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwambieni daktari. Wahamasishaji wa afya ya jamii wana mashine ya presha na huja mpaka nyumbani. Kipimo hiki kina uzito wake Lamu, ambako chumba cha kulala huwa ghorofani na ngazi za nyumba za mawe ni nyembamba na zimesimama wima. Nyonga iliyovunjika saa tisa usiku njiani kwenda chooni mara nyingi ina kidonge nyuma yake. Lasix na HCTZ zimezwe asubuhi.

Usivunje wala kusaga kidonge kilichoandikwa retard, SR, MR au XL. Kimetengenezwa kitoe dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukikisaga, dozi ya siku nzima huingia kwa mpigo mmoja.

Kuhusu joto: dawa zisikae jikoni wala dirishani. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, isigande. Iliyofunguliwa kwa kawaida hukaa wiki nne nje ya friji, pasipozidi nyuzi 25 hadi 30. Pasipo na friji, mtungi wa udongo wenye maji, chupa ikiwa ndani ya mfuko usiopenya maji, hufanya kazi nzuri.

Mitishamba na Ramadhani

Kwamba mitishamba haina madhara kwa kuwa imetoka ardhini si kweli. Habasoda huweza kushusha sukari na presha, na juu ya vidonge ikazidisha. Kitunguu saumu na tangawizi za mchuzi hazina neno. Zile za kunywewa kama dawa, kwa wingi, kila siku, juu ya warfarini, huongeza hatari ya kutoka damu. Za kutiliwa shaka zaidi ni unga na chupa zinazoondoa maumivu yote kwa siku mbili: dawa kama hizo zimewahi kukutwa zimetiwa steroidi au diklofenaki. Mzee asilaumiwe kwa kuzitumia, maana akilaumiwa hatasema, na daktari ataandika dawa kwa kubahatisha.

Kwa saumu, daktari aonwe wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Dawa ya mara moja kwa siku mara nyingi huhamishiwa futari. Glibenklamidi ya daku ndiyo ya hatari zaidi. Hupunguzwa au hubadilishwa. Vidonge vya kukojoza humkausha mfungaji kabla ya adhuhuri. Kupima sukari kwa kutoboa kidole, kwa kauli ya wanazuoni wengi, hakufunguzi, kwa hivyo apime. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 afungue papo hapo. Ruhusa ya mgonjwa imo kwenye Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185.

Mzee apelekwe hospitali siku hiyohiyo, pamoja na kikapu, akiwa na choo cheusi, midomo au ulimi kuvimba, fikra kuchanganyika ghafla, kuanguka, au mkojo kukoma. Akiharisha au kutapika bila kuweza kunywa, pigeni simu kliniki siku hiyo muulize kama Lasix, losartani na metformini zisimamishwe kwa muda mpaka aweze tena kula na kunywa. Madaktari wengi husema ndiyo.

Ile karatasi ipigwe picha, ikae kwenye simu za watu wawili wa nyumbani. Irudiwe kila miezi sita, na kila anapotoka kulazwa, kabla kidonge kipya hakijatiwa kikapuni na cha zamani hakijatolewa.